Kumchokoza Mwalimu Nukta

Chuoni walimwita Chiriku, na mtu akikaa naye dakika tano hakuhitaji kuelezwa sababu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mfupi, mwenye begi la kamera pana kuliko mgongo wake na ulimi uliozoea kufika mahali kabla yake. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya utengenezaji wa video. Wenzake walipopangiwa mafunzo kwa vitendo, mmoja alipelekwa kituo cha televisheni, mwingine kwa wapiga picha za harusi, na wawili wakaangukia kampuni ya matangazo yenye kiyoyozi na kahawa ya bure. Chiriku akafungua barua yake mbele ya wote, shingo kaitoa mbele. Barua ilisema: shule ya sekondari ya kutwa, wiki kumi, video za somo la fizikia kwa kidato cha pili.

"Fizikia?" alisema, kwa sauti ya mtu aliyesomewa majibu ya hospitali.

Msimamizi wake, bwana mrefu asiyelegeza tai hata akiwa anakula, alimtazama juu ya miwani. "Kuna tatizo?"

"Hakuna, mwalimu. Naipenda mno."

Ukweli ni kwamba alipokuwa sekondari alipata kwenye fizikia alama ambazo hata shangazi yake, aliyemlea, hakuwahi kuonyeshwa.

Jumatatu akaripoti. Mkuu wa shule, mama mnene mwenye sauti ndogo, hakumkaribisha kiti. Alimweleza kazi wakiwa wamesimama, mkono mmoja ukiwa bado kwenye kitasa cha mlango. Kidato cha pili kilikuwa na wanafunzi arobaini na watatu. Mtihani uliopita wa fizikia walifaulu sita, na wawili kati yao walikaa dawati moja.

"Mwalimu wao somo analijua, hilo halina ubishi," alisema mkuu. "Ila watoto wanalala. Nataka video fupi nane. Kila Ijumaa waangalie moja."

"Na mwalimu amekubali kurekodiwa?"

"Amekubali." Mkuu alifikiri kidogo. "Yaani, nimemwambia kwamba amekubali."

Mwalimu mwenyewe alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, ndani ya koti la kahawia, na kwenye mfuko wa juu ambamo wengine huweka kalamu, yeye aliweka chaki. Wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta. Walimpa jina hilo kwa kuwa hakufundisha, aliandikisha. Aliingia darasani, akafungua daftari lililochakaa kingo, akaanza kusoma bila kuinua macho: "Hewa ina uzito, nukta. Hewa husukuma kila upande, nukta. Mstari mpya." Kengele ikigonga, alifunga daftari na kutoka, akiacha vidole arobaini na vitatu vinauma na vichwa vitupu kama alivyovikuta.

Walirekodi kwenye maabara. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza za saruji, mabomba sita ambayo mawili tu ndiyo yaliyotoa maji, na makabati ya vioo yenye kufuli. Funguo za kufuli hizo zilining'inia kwenye kamba shingoni mwa mtunza maabara, mwanamke mpana wa kifua na mkali wa jicho, ambaye shule nzima ilimwita Bi Maabara. Yeye na Mwalimu Nukta walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja miaka kumi na tisa, na inasemekana walikuwa hawajakubaliana jambo hata moja, kuanzia jinsi ya kuosha chupa hadi dirisha lipi lifunguliwe.

Chiriku akasimamisha stendi yake ya miguu mitatu, akambandika mwalimu kipaza sauti kidogo kwenye kola, akawasha. "Tayari, mwalimu."

Mwalimu Nukta akakauka. Mikono ikashuka ikaganda mapajani. Macho yakamtoka. "Hewa," alisema. Ukapita muda ambao mtu angeweza kumenya chungwa. "Ni. Kitu."

Wakarudia. Wakarudia tena. Mara ya tano alisahau neno "mgandamizo", ambalo amelitaja maisha yake yote. Mara ya nane aliisalimia kamera shikamoo. Mara ya kumi na moja jasho lilikuwa limelowesha kola mpaka kipaza sauti kikaanza kukwaruza.

"Mwalimu, ongea tu kama unavyoongea na watu," Chiriku alimbembeleza.

"Watu gani? Hapa naona kioo."

Akajibandua kipaza sauti, akakiweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha kitu alichokivunja, akaelekea mlangoni. Chiriku akajitupa kwenye stuli, mikono kichwani. Aliiona ripoti yake ya chuo ikielekea shimoni. Kwa mawazo hayo, kuzima kamera kukamtoka akilini.

Bi Maabara, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza na chupa ya soda, alivuta funda moja kwa mrija, akameza. "Kwani kuna nini cha kueleza hapo?" alisema. "Hewa, hewa, asubuhi yote hewa. Mimi hapa nakunywa soda yangu. Mdomo unavuta, soda inapanda. Hewa imeingiaje?"

Mwalimu Nukta alikuwa ameshashika kitasa. Akageuka polepole. "Umesema nini?"

"Nimesema mdomo unavuta."

"Mdomo hauvuti kitu!"

Alirudi kwa hatua tatu ndefu. Alichukua mrija mwingine mezani, akamtia Bi Maabara yote miwili mdomoni, mmoja ukiwa ndani ya chupa na wa pili ukining'inia nje hewani. "Haya. Vuta."

Bi Maabara akavuta. Mashavu yakazama, macho yakajaa maji. Soda haikupanda hata unene wa ukucha.

"Vuta basi, si una mdomo? Si unasema unavuta?" Mwalimu Nukta alikuwa anazunguka meza, koti limemteleza bega moja. "Mdomo wako kazi yake ni kupunguza hewa ndani ya mrija, basi! Hewa ya nje ndiyo inayoikanyaga soda kule chupani. Soda ikikanyagwa inatafuta pa kukimbilia, inakuta mrijani hakuna wa kuizuia, inapanda kwako. Sasa nimekufungulia mlango wa uani. Kila hewa unayoitoa, nyingine inaingia kwa mrija wa nje. Hewa ya juu na ya chini zimelingana, nani amsukume mwenzake? Mama, maisha yako yote hujawahi kuvuta soda. Umesukumiwa!"

Bi Maabara akaitoa mirija, akafuta midomo. "Ungesema hivyo tangu mwanzo, mbona tungeshaenda nyumbani."

"Hukuniuliza!" Akatoka, akaubamiza mlango.

Chiriku akainua kichwa. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka.

Nyumbani kwao sebule ndiyo iliyokuwa pia kiwanda. Shangazi yake alikuwa fundi cherehani, na meza ya kukatia vitambaa ilichukua nusu ya chumba. Chiriku alifungua kompyuta mpakato yake kati ya mkasi na rundo la kola za sare, akaanza kuhariri. Aliondoa mwanzo, akapunguza ukimya, akasogeza picha karibu pale mashavu yalipozama. Shangazi akasimamisha cherehani, akaja kusimama nyuma yake na futi shingoni.

"Rudisha hapo alipovuta," alisema. Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akainamia kioo. "Kumbe ndivyo mrija unavyofanya kazi. Miaka yangu yote hii." Kisha tena, sauti ikiwa imebadilika: "Anajua kwamba alikuwa anarekodiwa?"

"Nani?"

"Usinizungushe."

"Atajua, shangazi."

"Lini?"

"Atakapojua."

Shangazi akamtazama kwa lile jicho la kutunga uzi kwenye sindano, akarudi kwenye cherehani.

Ijumaa wakatundika mablanketi madirishani na kuwasha projekta. Kidato cha pili waliingia wakipiga miayo, wengine wameshatayarisha viwiko vya kulalia. Dakika ya kwanza haikuisha, darasa likalipuka. Kijana mmoja wa nyuma aliteleza kwenye benchi. Chiriku akalazimika kuirudisha mwanzo mara tatu, na mara ya tatu hawakucheka sana. Walikuwa wamekunja nyuso, wanafikiri. Kiranja wa darasa, msichana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mtu akiwa mahali pasipo na hewa, hawezi kunywa kwa mrija?"

Chiriku hakujua. Ila alijua kwamba swali kama hilo halikuwahi kuulizwa kwenye chumba kile.

Mwalimu Nukta hakuwepo. Alikuwa amekula kiapo kwamba sura yake mwenyewe hatoitazama kwenye ukuta wowote, na kila Ijumaa alijifungia chumba cha walimu kusahihisha madaftari. Aliamini darasa linaonyeshwa ule mti mkavu wa mara kumi na moja. Na Chiriku, Mungu amsamehe, hakumsahihisha. Alijitetea moyoni kwamba barua ya chuo ilisema mwalimu atarekodiwa. Haikusema awe na habari.

Jumatatu iliyofuata akamfuata Bi Maabara kwenye stoo, wakazungumza kwa kunong'ona kati ya mizani na mitungi.

"Unataka nimchokoze," alisema Bi Maabara.

"Kidogo tu, mama. Kwa faida ya watoto."

"Mwanangu, mimi namchokoza bure miaka kumi na tisa. Leo ndiyo nimepata sababu." Akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameshaorodhesha ujinga wa wiki nne.

Hivyo ndivyo njama ilivyokwenda. Kila wiki Chiriku alifanya rekodi moja ya adabu, mwalimu akikauka kama kawaida, kisha akasema, "Ahsante mwalimu, tumemaliza," akajifanya anakunja nyaya. Kamera aliiacha pale pale. Taa nyekundu aliibandika kipande cha plasta ya kidonda. Mwalimu alipouliza mbona haiondolewi, aliambiwa inachaji.

Wiki ya pili Bi Maabara alishika blanketi mojawapo la kuzibia madirisha akasema anashukuru kwamba kuna vitu vyenye joto lake vyenyewe. "Blanketi halina joto!" Mwalimu Nukta aliruka. Akaagiza vipande viwili vya barafu vilivyo sawa kutoka kwenye jokofu la maabara. Kimoja akakiacha kwenye sahani, kingine akakifunga ndani ya sweta alilolivua palepale mwilini. "Kama sweta linatoa joto, hiki ndicho kitakachoyeyuka kwanza. Tukae." Wakakaa. Kwenye sahani pakabaki maji. Ndani ya sweta barafu ilikuwa bado ina kona. "Sweta ni bawabu tu! Joto la ndani halitoki, la nje haliingii. Ukijifunika unajipasha mwenyewe, mama, kwa chakula ulichokula!" Siku hiyo nzima alitembea na sweta bichi mkononi, akieleza kila aliyeuliza kwamba yalikuwa mambo ya kisayansi.

Wiki ya tatu Bi Maabara aliapa kwamba kitasa cha chuma kina baridi kuliko mlango wa mbao, na mwalimu akambana na vipimajoto viwili mpaka akakiri vinasoma namba ileile, na kwamba chuma kinanyang'anya joto la kiganja haraka tu. Wiki ya nne Chiriku alipokea zamu. Alisema jiwe zito lazima litangulie jiwe jepesi kufika chini, na mzee wa watu akapanda juu ya meza ya saruji, jiwe mkono huu na jiwe mkono ule, koti likipepea.

Darasani mambo yalikuwa yameanza kuonekana. Wanafunzi wawili walikutwa uwanjani wakiangusha viatu kutoka juu ya goli. Mpishi wa shule alilalamika kwamba mirija imekwisha na vipande vya barafu vinapotea vikiwa vimefungwa kwenye soksi. Mwalimu Nukta akipita kwenye korido alisikia mtu anamwambia mwenzake, "Vuta basi, si una mdomo?" Akasimama, akakuna kichwa. Maneno yale aliyasikia wapi?

Ndipo ukaja mtihani wa katikati ya muhula. Swali la tatu lilikuwa: eleza jinsi kinywaji kinavyopanda kwenye mrija. Mwalimu Nukta alisahihisha karatasi ya kwanza akatabasamu. Ya tano akaacha kutabasamu. Ya kumi na mbili akavua miwani. Wanafunzi arobaini walikuwa wamejibu sawasawa, na karibu wote walianza na maneno yaleyale: Mdomo hauvuti kitu. Mmoja aliongeza: kama alivyothibitishiwa Bi Maabara.

Damu ikamchemka. Akakusanya karatasi, akaenda darasani kwa mwendo wa askari. Chiriku alikuwemo, anaunganisha projekta.

"Hapa pana udanganyifu," alisema mwalimu. "Kiranja. Simama. Nani kakupa jibu la swali la tatu?"

Kiranja akasimama, akasukuma miwani yake juu. "Wewe, mwalimu."

"Mimi?"

"Ndiyo, mwalimu. Ijumaa ile. Ulipokuwa na mirija."

"Mirija gani?"

"Ile uliyomtia Bi Maabara mdomoni."

Mtu akacheka akajiziba. Mwalimu Nukta alipiga hesabu, midomo wazi. Kisha uso wake ukageuka pole pole, ukapita madawati, ukapita projekta, ukatua kwa Chiriku. Chiriku akajificha nusu nyuma ya projekta.

"Nionyeshe," alisema mwalimu.

Alimwonyesha wakiwa maabara, mlango umefungwa, wao wawili tu. Video nne, moja baada ya nyingine. Mwalimu alitazama akiwa amesimama, mikono nyuma. Hakucheka wala hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha msichana. Ilipoisha ile ya mawe, aliuliza kitu kimoja tu.

"Sweta langu lilikuwa limegeuzwa nje ndani siku ile. Watoto wote waliliona?"

"Waliliona, mwalimu."

"Hakuna kuonyesha nyingine." Akatoka bila kubamiza mlango.

Siku tatu hakumwongelesha. Alimpita kwenye korido kama anavyopita ndoo ya mfagizi. Chiriku alijaribu kumsubiri nje ya chumba cha walimu na hotuba ndefu aliyoipanga usiku, yenye sababu saba. Mzee akatokea mlango mwingine. Wiki iliyofuata msimamizi wa chuo alikuwa anakuja kumpima.

"Nilikuuliza," alisema shangazi, pini mdomoni.

"Najua, shangazi."

"Mtu anavaa vizuri akijua anakwenda kutazamwa. Wewe umemtoa nje na nguo za ndani, halafu ukaita watu." Akaitoa pini. "Kaombe radhi. Na uombe kwa maneno machache. Ukianza kueleza, utakuwa unajitetea."

Asubuhi yake akamkuta maabara, anafuta ubao. "Shikamoo mwalimu. Nilikosea. Nisamehe." Akauuma ulimi wake ili usiendelee.

Mwalimu Nukta alifuta ubao mpaka kona ya mwisho. "Zile za kwanza, nilizosimama vizuri. Ulizipeleka wapi?"

"Ninazo."

"Niwekee moja."

Akamwekea ile ya mara ya tisa. Mzee akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Hewa. Ni. Kitu. Aliitazama mpaka mwisho, kisha akavuta stuli akakaa.

"Huyu ndiye wanayemwona kila siku?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

"Nilipokuwa na mwaka mmoja kazini," alisema mwalimu, "nilipanda juu ya meza darasani, kama kwenye hiyo picha yako ya mawe. Mkaguzi akaingia. Aliandika kwenye ripoti kwamba mwalimu huyu ni mwigizaji na hana haiba ya kazi. Ilisomwa mbele ya walimu wote." Akapuliza vumbi la chaki vidoleni. "Kesho yake nikanunua daftari."

Nje mtu alikuwa anaburuta dawati.

"Endelea kuonyesha," alisema hatimaye. "Ila kuanzia leo nijue kamera ipo. Na hiyo plasta ibandue, haipendezi. Na huyu mama, kama atasema ujinga, basi uwe ujinga wa kiwango. Lile la kitasa lilikuwa la watoto."

"La watoto?" Sauti ilitoka stoo, na mwenyewe akaifuata, funguo zinagongana kifuani. "Hilo nililiandaa siku mbili!"

Mwalimu Nukta akageuka. "Uliandaa?"

Bi Maabara akagundua amejifichua. Akajikaza. "Miaka kumi na tisa nakuandalia majaribio, bwana. Unadhani wakati huo wote nilikuwa nimeziba masikio?"

"Kwa hiyo lile la mrija..."

"Nalijua tangu ukiwa na nywele."

"Sasa kwa nini ulisema mdomo unavuta?"

"Ulikuwa unatoka umeinamisha kichwa," alisema Bi Maabara, akigeukia kabati kama mwenye shughuli. "Sikupenda."

Mwalimu alikohoa. Chiriku akapata kazi ya ghafla ya kukagua nyaya.

Siku ya kupimwa ikafika. Maabara ilijaa: msimamizi na tai yake mbele kabisa, mkuu wa shule mlangoni, kidato cha pili wamebanana kwenye stuli. Mada ilikuwa kuelea na kuzama. Bi Maabara, kwa bahati mbaya, alikuwa amepoteza sauti kwa mafua. Alikaa kwenye kona na kitambaa shingoni, akitoa ishara ambazo hakuna aliyezielewa. Chiriku akawasha kamera. Taa nyekundu ikawaka waziwazi.

Mwalimu Nukta aliitazama taa. Alimtazama mgeni wa tai. Mikono ikaanza kushuka kuelekea mapajani. "Kuelea," alisema. "Ni."

Chiriku alifikiria kusema lolote la kijinga, lakini mbele ya msimamizi wake ulimi ukamkwama. Sekunde zikapita. Stuli moja ikalia.

"Mwalimu, tusiwachoshe wageni," alisema mkuu wa shule kwa ile sauti yake ndogo. "Meli inaelea kwa kuwa ni nyepesi. Haya, tuendelee."

Mwalimu Nukta akainua kichwa. "Nyepesi?"

"Si ndiyo?"

"Mkuu, umewahi kubeba meli?" Darasa likavuta pumzi kwa pamoja. Lakini mzee alishaondoka, alishakuwa kwenye kabati, anatoa bonge la udongo wa kuchezea na beseni. "Njoo hapa. Tafadhali. Kunja mikono ya blauzi."

Mkuu wa shule alitazama huku na huku, hakuona pa kukimbilia, akakunja. Akaamriwa apime bonge kwenye mizani na kusoma namba kwa sauti. Akaamriwa alitie majini. Likazama puu. Akaamriwa alitoe, alifinyange liwe bakuli, alipime tena. Namba ileile. "Uzito umepungua, mkuu?" Haujapungua. "Sasa weka." Bakuli likaelea, likazunguka taratibu mbele ya kidato cha pili. "Halijawa jepesi hata chembe! Limetanua kiwiliwili! Bonge linasogeza maji kidogo, bakuli linasogeza maji mengi, na maji yakisogezwa hayakai kimya, yanasukuma kurudi. Meli ni kama mtu mnene aliyejua kukaa kwenye benchi!" Alipopiga kofi mezani beseni likaruka, nusu ya maji ikaishia kwenye sketi ya mkuu wa shule. Akaomba radhi na kuendelea katika sentensi ileile. Mkuu, maji yakimchuruzika, aliuliza, "Na nikilitoboa?" na darasa zima likajibu kabla ya mwalimu.

Msimamizi alikuwa ameshika tai kwa mikono miwili. Alikuwa anacheka kwa pua.

Baadaye alimwita Chiriku pembeni. "Picha inatikisika dakika ya tatu."

"Nilikuwa nacheka, mwalimu."

"Nimeona. Zile nne za mwanzo, alijua anarekodiwa?"

Hapo angeweza kupiga chenga. Alikuwa na majibu matatu tayari. "Hakujua," alisema. "Alijua baadaye, akakasirika, nikamwomba radhi, akakubali."

Msimamizi akaandika. Alimkata alama kumi kwa hilo, akaeleza kwa nini, na maelezo hayakuwa mafupi. Zilizobaki zilitosha. Mwisho wa muhula, wanafunzi thelathini na wanne wa kidato cha pili walifaulu fizikia, na walikuwa wametawanyika darasa zima.

Chiriku alipomaliza chuo, shule ilimwomba arudi, safari hii kwa somo la jiografia. Alikwenda akijiamini, kamera begani. Alimkuta mwalimu wa jiografia anamsubiri langoni saa moja asubuhi, amevaa miwani ya jua, ana kioo cha mkononi, nguo tatu za kubadilisha na hotuba ya dakika hamsini kuhusu mawingu, ambayo alianza kuitoa kabla stendi haijafunguliwa. Hakuwa na haja ya kuchokozwa. Chiriku alimsikiliza akipanga nyaya, akawasha kipaza sauti, na hotuba ilipofika dakika ya ishirini na mbili akamuuliza kwa upole kama angependa kunywa maji kidogo. Mwalimu akasema hana kiu, akaendelea.